Ndugu, Kwenu Wapi?

Swali la kwetu lilimchosha baba yangu kuliko cherehani aliyoikanyaga maisha yake yote.

Wakati wa vijiji vya Ujamaa tulitakiwa kuhama Singida mjini, tukagawiwe shamba Kinyangiri. Kwa kuwa ukoo wetu ulijulikana kuwa wa kuja, baba aliitwa kwanza kwa ofisa wa uhamiaji.

"Ndugu, kwenu wapi?"

"Kwetu Manyema," baba akajibu.

Nyumbani kwetu hilo ndilo lilikuwa jibu la adabu. Ukiulizwa kwenu, unataja alikotoka babu, watu wasije wakadhani huna asili. Babu alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa mpagazi, akaoa Mnyaturu, akazikwa Mandewa, hapo hapo Singida. Baba mwenyewe hakuwahi kuiona Manyema hata siku moja. Ofisa alisikia Kongo tu. Akasema mgeni hapewi shamba la kijiji, na muda wa kujiandikisha uraia ulikwisha pita, basi baba arudi kwao.

Nilikuwa msichana mkubwa, nikawa nafuatana na baba kukalia benchi la ofisi ile. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Ofisa yuko safari. Nilimchukia yule ofisa kijana, na kilichoniudhi zaidi ni kumwita baba ndugu. Ndugu gani anafukuzwa? Mama naye alishaanza kufunga vyombo, hajui anafunga kwenda wapi.

Mwishowe ofisa akataka mtu anayemjua baba tangu kuzaliwa. Tukampeleka bibi, mama yake. Ofisa alisimama, akamwamkia shikamoo, akamuuliza naye alizaliwa wapi.

"Marahaba. Mimi? Hapa hapa Unyaturu," bibi akasema kwa hasira. "Na huyu nimemzaa Mandewa. Ulifikiri nilimwokota?"

Ofisa akashusha pumzi. Aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja akazaliwa hapa, alikuwa raia tangu siku ya uhuru, bila kuomba.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Uliniuliza kwetu," baba akasema. "Hukuniuliza nimezaliwa wapi."

Tulirudi polepole kwa sababu ya miguu ya bibi. Sikusikia furaha yoyote, nilitaka kulala tu. Mama alitupokea mlangoni.

"Haya, wamekupa nini?"

Baba alikaa kizingitini akavua viatu.

"Hawajanipa kitu," akasema. "Wameacha tu kunifukuza."