Uwanja wa Kokoto

Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu kwenye ile hifadhi ya ufukweni, ng'ambo ya kilima ukitoka mjini Kigoma. Dada wa getini alitufunga utepe wa karatasi mkononi, mmoja mmoja, akatuambia karibuni, mjisikie mko nyumbani. Nikacheka. Mume wangu akaniuliza nacheka nini, nikamwambia hakuna kitu. Mwenzangu, ningeanzia wapi? Kwenye ule mti aliouegemea yule dada, bibi yangu alikuwa akitundika kapu la chakula ngedere wasilifikie. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa chini yake na fimbo, nikililinda dhidi ya hao ngedere na njaa yangu mwenyewe.

Zamani hapakuwa na geti wala utepe. Palikuwa na ghuba tu, maji yake meupe mpaka unaona samaki wadogo wakipita juu ya vidole vyako, na wanawake waliotoka Ujiji na Katubuka kuja kuanika dagaa. Mama yangu alikuwa ameolewa Mpanda, mimi nikabaki Katubuka kwa bibi mzaa baba. Alfajiri tulikipanda kilima, yeye mbele na ndoo kichwani, mimi nyuma na fagio la chelewa, na ole wako useme umechoka.

Najua umeshamfikiria bibi wa hadithi, yule wa kukupakata na kukupulizia uji. Futa. Bibi yangu alikuwa mrefu, mkavu, na ulimi wake ulikuwa unakata. Nilipoanguka nikachubuka goti alinitazama, akasema, "Ukilia, lia huku unafanya kazi." Na nililia hivyohivyo, nikigeuza dagaa. Kunguru akidokoa hata mmoja, nilipigwa kofi mimi, si kunguru. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa Kongo, alinipiga teke la matako niamke tukusanye kabla mvua haijavuka ziwa.

Sasa nikwambie habari ya uwanja wake, maana ndio uliobeba mambo yote haya. Wanawake wengine walianika dagaa mchangani. Dagaa wa mchangani ukimtafuna mchanga unakusaga meno, na mnunuzi wa kutoka Mwandiga akimwona tu anakunja uso. Bibi hakutaka kukunjiwa uso. Tangu babu alipomwacha na kwenda zake Kalemie, ng'ambo ya ziwa, alianza kuokota kokoto majini, zile laini, bapa, zisizozidi kiganja cha mtoto. Akazipanga juu ya mchanga, moja inabana nyingine, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa uwanja mpana kuliko sebule yetu. Jua likipanda mawe yale yalishika moto, na dagaa wakakauka juu na chini, safi, weupe kama fedha. Mtu asiyejua angedhani ziwa lenyewe ndilo lililoutandika. Sisi tulijua. Hakuna mwanamke aliyethubutu kuukanyaga na viatu.

Na ilikuwapo wiki ya raha. Unajua dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, basi mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala. Mbalamwezi ikifika hakuna dagaa wa kuanika, na hapo bibi alitupeleka ghubani, mimi na mtoto wa shangazi, kuosha uwanja. Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo, tukasugua magamba na utelezi kwa fagio, kisha tukaachiwa ziwa. Tuliogelea mpaka vidole vikakunjana. Tulirudi tukitetemeka, tukajilaza kifudifudi juu ya kokoto zenye moto, mwili mzima ukapata uhai. Bibi alikuwa akikaanga migebuka kwa mawese, pembeni ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, na harufu ile, mwenzangu, mpaka leo nikiinusa kwa jirani naacha ninachofanya. Kichwa cha mgebuka alipewa aliyefanya kazi kuliko wenzake. Mara nyingi kilikuwa changu. Alikiweka kwenye sahani bila kunitazama, akasema, "Kula, usije ukasema nilikunyima." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake, na nilishiba.

Halafu wakaja watu na gari, wakapima, wakachimbia nguzo. Wanawake wakaambiwa ghuba itahifadhiwa, itakuwa ya watu kupumzika na kuogelea, na kwamba dagaa wananuka. Wakaonyeshwa mwalo mwingine wa kuanikia, mbali, wenye vichanja vya wavu. Atakayerudi kuanika au kudai mahali atapelekwa mbele ya sheria. Wenzake walihama wakitukana njia nzima. Bibi alichukua ndoo yake na fagio lake, akahama.

Lakini kila mbalamwezi aliendelea kwenda. Alipitia kwenye miamba ya ufukweni, ndoo mkononi, fagio kwapani, akaosha uwanja wake usio na dagaa, akarudi. Askari wa hifadhi walimwona kikongwe mwenye akili zilizoruka, wakamwacha. Nilimuuliza anaosha vya nini. Akaniambia wale watu watachoka, wageni hawatakuja, na siku watakapofunga geti lao uwanja wake utakuwa uko tayari. Aliamini hivyo. Nami niliamini kwa sababu yeye aliamini.

Mwaka uliofuata shule yetu ikapanga ziara ya kwenda hukohuko hifadhini. Watoto wenzangu hawakulala kwa furaha. Tulibeba maandazi na viazi vitamu, tukavaa sare zilizopigwa pasi. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, lazima niseme, alitokea Singida na hakuwa amezoea ziwa, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu alirudi nyuma. Askari akatupokea, akatueleza habari za ngedere na ndege, akasema tunapokanyaga hapajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa uwanja wa bibi.

Ikafika saa ya kuogelea. Watoto walivua viatu wakakimbilia majini, na jua lilikuwa la mchana. Kokoto zikawachoma nyayo, wakaruka huku wakipiga kelele. Askari akamwambia mwalimu kwamba hata wageni wanalalamika juu ya mawe hayo, na kwa kuwa wanafunzi ni wengi, si watusaidie kidogo, iwe kazi yao ya usafi wa mazingira. Mwalimu akaliona jambo jema. Akaligeuza mchezo: wavulana na wasichana, nani atalitupa jiwe mbali zaidi ziwani, mshindi anapata soda.

Nilisema. Mpaka leo nasema sikukosea. Nilisimama mbele ya darasa zima nikamwambia mwalimu kuwa ule ni uwanja wa bibi yangu, aliupanga kwa mikono yake. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba mawe hupangwa na mawimbi, nisimame kando. Ila askari hakucheka. Alianza kuzitazama zile kokoto upya, zilivyobanana, na uso wake ukabadilika.

Na hapohapo bibi akatokea kwenye miamba. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, nani angemzuia? Ndoo mkononi, fagio kwapani. Nilimkimbilia. Sijawahi kufurahi kumwona mtu kama nilivyofurahi dakika ile, niliona nimeokoka, sasa ataongea yeye na ulimi wake ule, na hakuna atakayecheka tena.

Askari akamwamkia shikamoo, vizuri kabisa. Akamweleza: mtoto huyu anadai wewe ni bibi yake na uwanja huu ni wako. Kama ni kweli, nyote wawili mtafuatana nami ofisini, na shule itaelezwa kwamba mtoto wao anatoka kwa wavamizi.

Bibi alinitazama. Nilikuwa nimemshika upindo wa kanga. Akanitoa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa dagaa aliyenasa kwenye wavu.

"Huyu mtoto simjui," akasema. "Na mawe ni mawe tu. Tupeni."

Akaweka ndoo chini, akainama, akaokota kokoto moja, akairusha. Ilikwenda ikidunda juu ya maji, mbali kuliko mawe yote yaliyotangulia. Wanafunzi wakamshangilia, wakapiga makofi. Mwalimu akacheka, akasema kumbe mshindi kapatikana, akampa soda. Na bibi akaipokea, mwenzangu. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akainywa ile soda taratibu huku wanafunzi wakiumaliza uwanja wake. Mimi nilikuwa nimepigishwa magoti mchangani, mikono juu, kwa kosa la kusema uongo. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia akimeza. Hakugeuza shingo.

Walipomaliza pakabaki mchanga mweupe, mzuri, wa kupendeza wageni. Bibi alirudisha chupa kwa mwalimu, akashukuru, akashika njia yake ya miamba. Fagio alilisahau.

Jioni nilifika nyumbani kabla yake, nikawasha moto, nikatwanga, nikateka maji, nikafanya kila kilichoweza kufanywa na mikono ya mtoto. Akaja, akakaanga samaki. Kichwa cha mgebuka akampa mtoto wa shangazi, ambaye siku nzima alikuwa amekaa tu. Kisha akaelekeza kidevu upande wangu. "Mpeni na huyo mtoto wa watu," akasema.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lo! Likawa ndilo jina langu. Mtoto wa watu, lete maji. Mtoto wa watu ameshakula? Wageni wakija na kuuliza huyu binti mkubwa ni wa nani, alijibu kuwa aliokotwa ziwani, na wageni wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa kuwa ukikasirika alikuwa anaongeza. Hakunipiga tena hata siku moja. Ningeshukuru angenipiga. Ghubani hakurudi, na mbalamwezi zikaja zikapita yeye amekaa barazani, ametazama upande wa kilima, mikono haina kazi.

Shangazi alikuwa ananiambia kuwa bibi aliniokoa. Angenikubali, tungelala mahabusu wote wawili na shule ingenifukuza. Alitoa uwanja wake akanibakiza mimi. Huenda. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi na kuna siku linanituliza. Lakini nyumba ilikuwa na jikoni, na jikoni mara nyingi tulikuwa tukikaa wawili tu, na maneno ya kusema "nilikukana ili usifungwe" hayana uzito wa kumshinda mwanamke aliyebeba ziwa zima la kokoto. Hakuyasema. Alipokuwa anaumwa mara ya mwisho nilisafiri kutoka chuoni nikapiga magoti kitandani pake, nikamshika mkono. Akanitazama muda mrefu, akamgeukia shangazi, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Wakasema ni uzee, kumbukumbu zimekwenda. Jirani mmoja akalia kwa kunihurumia. Mimi nilimtazama machoni, na wallahi siwezi kukwambia kama kumbukumbu zilikuwa zimekwenda au zilikuwepo zote.

Basi, turudi hifadhini. Ziwa limepanda miaka hii, umesikia. Mchanga ule mweupe umeliwa karibu wote, vibanda viwili vya kivuli vimesimama majini, na ukingo unamomonyoka. Askari wa siku hizi, kijana mpole, alikuwa anapita kwa wageni akiwaomba kila mtu atoe mawe majini, yale ya karibu, ayapange ukingoni yazuie maji. Wanangu walifurahi mno. Waligawana, wa kiume na wa kike, wakashindana nani ataleta mengi. Nilikaa chini nikawatazama. Kijana akaniambia, mama, hata wewe moja tu, tusaidie. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Binti yangu akaniletea moja kiganjani. Laini, bapa, haizidi kiganja chake. Siwezi kuapa, mawe ni mawe tu, nilishaambiwa. Nikaifuta kwa kanga, nikafungua mkoba niitie ndani. Kijana akaona. Akaniambia kwa adabu kwamba samahani mama, hairuhusiwi kutoa kitu chochote hifadhini.

Nikasimama, nikairusha. Ilikwenda ikidunda juu ya maji mpaka ikapotelea kwenye mng'ao. Wanangu walibaki midomo wazi. Binti akaniuliza nani alinifundisha kutupa vile.

"Bibi yangu," nikasema kwa sauti, ili kijana naye asikie. "Na hapa palikuwa pake."

Kijana akatabasamu, akaitikia ndiyo mama, kama mtu anavyomwitikia mtu mzima asiyetaka kubishana naye, akaenda kwa wageni wengine. Nikageuka kuitazama ile miamba. Maji yalikuwa yameifunika nusu, njia aliyokuwa akipitia haipo tena. Hakutokea mtu wa kunikana. Mwenzangu, ningetoa chochote nilicho nacho atokee pale na ndoo yake, anitazame, aseme tena kwamba hanijui.