Binti Mfalme wa Mama Geti

Mtaani walimwita Mama Geti, na jina lenyewe alilipenda. Mageti mengi ya mtaa ule aliyachomelea yeye, katika banda la mabati kando ya barabara. Mteja mpya akifika na kuuliza fundi yuko wapi, alijibu, "Katoka kidogo, nimebaki mimi mke wake," halafu akaendelea kuchomelea na kumwacha akae kwenye benchi mpaka aone haya mwenyewe.

Ufundi hakuupata kirahisi. Baba yake alikuwa mtu wa neno moja, akaukataa mpango wa chuo cha ufundi. Alisema chuma kitamharibia binti mikono, na mikono ikishaharibika nani ataishika. Basi binti akawa anachora mageti yake kwa siri, na akisikia viatu vya baba mlangoni michoro inaingia chini ya godoro. Mama yake aliiona kila alipotandika kitanda, asiseme. Mama huyo hakuwa msemaji. Alipika, akapakua, akasimama karibu na meza mpaka wote washibe, kisha akaenda kula jikoni kilichobaki. Chuoni binti alikwenda baba alipokwisha kuzikwa.

Ndiyo maana Mama Geti alipopata mtoto wa kike aliapa moyoni. Ndoa yake ilivunjika mapema, baba mtu akaenda zake, na binti akabaki mikononi mwake amlee atakavyo. Alimpa jina la utani, Fundi. Alimtengenezea kisanduku cha zana chenye nyundo ndogo na bisibisi, akakipaka rangi nyekundu. Jumamosi alikwenda naye kwenye kikundi cha wanawake alichokiongoza, mtoto akachezea vifuniko vya soda chini ya meza huku mama yake akisema, bila kupepesa macho, "Mimi ni mfeministi. Sitaki binti anayesubiri kuokolewa."

Mtoto alipotimiza miaka sita, ubinti mfalme ukamwingia kama mafua. Aliupata shuleni, kwenye jalada la daftari la mwenzake. Akawa anatembea kwa ncha za vidole na kitambaa cha meza kikiburuzika nyuma yake. Akaongea kwa kubana pua. Ile nyundo ndogo aliilaza kwenye mto na kuifunika, akamwambia mama yake apite polepole, mtoto wa mfalme amelala.

"Huyo binti mfalme anafanya kazi gani?" mama aliuliza.

"Anakaa."

"Anakaa tu?"

"Anakaa, watu wanamletea vitu."

Mama Geti alicheka siku hiyo, lakini kicheko hakikufika mbali. Alijaribu kumsomea habari za wanawake marubani. Mtoto alisikiliza kwa adabu, akauliza kama rubani anaruhusiwa kuvaa gauni refu.

Kisha ikaja jioni moja mama aliporudi amechoka, mteja amemfanyia jeuri mchana kutwa, akamkuta binti kalala chali kwenye kochi, macho kafumba, kajifunika pazia jembamba la dirishani, na taji la karatasi kichwani.

"Unaumwa?"

"Nimekufa kidogo. Mwanamfalme atakuja kuniamsha."

"Amka mwenyewe. Una miguu."

"Mpaka aje."

Mama alilivuta pazia, likachanika. Akalichukua taji, akalikunja, akalitupa kwenye pipa la taka. "Nyumba hii haina binti mfalme," alisema. "Ina mafundi."

Mtoto hakulia. Alikwenda kuchukua ufagio, akafagia vipande vya karatasi ya kumetameta vilivyoanguka sakafuni, akavimwaga pipani palepale. Tangu siku hiyo hakuutaja tena ufalme. Alikuja bandani, akashika misumari akiambiwa ashike. Mama Geti akawasimulia wenzake kikundini jinsi alivyoukata mchezo ule kwenye shina, wakampigia makofi. Mmoja tu aliuliza kama mtoto bado anacheka.

Baada ya shule mtoto alishinda kwa bibi yake, yule mama asiyesema, aliyekuwa mjane sasa na miguu imemvimba. Mama Geti alimchukua akifunga kazi. Lakini kuna siku umeme ulikatika mchana na kazi ikalala, akaenda mapema. Alipopita dirishani alisikia sauti ya kubana pua, akasimama.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono katikati ya chumba, taji la karatasi ya biskuti kichwani, pazia la zamani mabegani, miguu ndani ya beseni la maji. Mtoto alikuwa amepiga magoti, amevaa gauni lililoshonwa kwa shuka, anaiosha miguu ile polepole.

"Binti mfalme asiinuke," alisema mtoto. "Chai inakuja."

"Chai yenyewe ipo jikoni, mjukuu wangu, acha nikakumiminie."

"Asiinuke nimesema."

Na bibi, aliyesimama maisha yake yote, akaegemea nyuma na kutulia. Mama Geti hakuwahi kumwona mama yake akikaa hivyo.

Alisukuma mlango. Mtoto alipoinua macho, uso ulimbadilika. Alilinyakua taji kichwani kwa bibi, akalichomeka chini ya mto wa kiti, akasimama mbele yake, mikono nyuma, maji yakimdondoka vidoleni. Uso ule Mama Geti aliufahamu. Aliwahi kuuvaa yeye, kila viatu viliposikika mlangoni. Miguu yake ilikuwa ndani ya buti za kazi, na alizisikia sasa, nzito, sakafuni kwa mama yake.

Mtoto alipotumwa nje, bibi alijifuta miguu.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungelitupa taji lake."

"Mimi namlea asije akaishi kama..."

"Kama mimi," bibi alimalizia, bila uchungu. "Najua. Lakini mwanangu, nani mwingine aliwahi kuniambia nikae?"

Wakati wa kuondoka Mama Geti alimwambia mtoto kwamba taji anaweza kuja nalo nyumbani. Mtoto alimtazama bibi yake kwanza, kisha akasema litakaa huku.

Mvua zilipoisha bibi alianguka jikoni. Alilazwa hospitali, upande mmoja wa mwili umepooza, maneno machache aliyokuwa nayo yakamwishia, na kabla ya mwezi kwisha wakamzika. Mama Geti ndiye aliyefunga vitu vyake. Gauni la shuka na taji aliviweka kitandani kwa mtoto, akakaa kando yake.

"Nifundishe mchezo," alisema.

"Huwezi. Huo ni wa Bibi."

"Naweza kukaa kitini kama yeye."

"Utalitupa."

"Sitalitupa, mwanangu."

"Ulishalitupa."

Hakuwa na sauti ya hasira. Alisema tu jambo lililotokea. Mama Geti alisema, "Ni kweli. Nilikosea," na mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyearifiwa kuwa kesho ni Jumatatu.

Wiki zilipita. Mara nyingine, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, mama aliisikia ile sauti ya puani ikitoa amri. Siku ya kwanza alibisha. Sauti ilikatika, vitu vikaburuzwa haraka, na alipoingia alimkuta mtoto ana daftari mapajani. Hakubisha tena. Akirudi kazini alivua buti nje, akaita jina la mtoto tangu barazani, ili asimshtukize. Kikundini wakimwomba asimulie tena kisa cha taji, alisema kilikuwa kibaya na akaanza mazungumzo mengine.

Jioni moja alikuwa anasugua masizi mikononi kwenye sinki. Mlango wa chumba ulifunguka, na mtoto akatoka amevaa gauni la shuka, taji limeinama upande. Hakumtazama. Alipita nyuma yake, gauni likiburuzika, akajimiminia maji, akanywa yote amesimama, akaweka kikombe mezani.

Mama Geti aliendelea kusugua mikono bila kugeuka, ingawa ilikwishatakata, mpaka hatua zile ndogo ziliporudi chumbani na mlango ukafungwa.