Kitanda cha Ndizi

Harufu ya ndizi zinazoiva ndani ya chumba cha mabati ni nzito, tamu mpaka inachosha, na ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi pale Chaani mwaka aliofariki mama. Baba alikuwa amemtangulia. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule na kushika meza ya mama ya ndizi kando ya njia, ili wadogo zangu, Hamisi na Zuhura, waendelee kusoma. Mzigo wangu wa kwanza niliuleta kutoka soko la Kongowea ndani ya gunia, machana ya ndizi yamelaliana, na nilipoyapanga mezani yakawa na madoa meusi. Bi Mwanajuma, aliyeuza maembe karibu nami, akageuza ndizi moja mkononi. "Mwanangu, hizi umezinunua au umezipiga?" Kisha akanielekeza. Mbichi hutundikwa, tena mbali na zilizoiva, maana zilizoiva huziharakisha kuiva. Zilizoiva hulazwa juu ya kitu laini, mgongo wa chana ukiwa juu, wala haziwekwi moja juu ya nyingine.

Kitu laini nyumbani kilikuwa kimoja tu, godoro la mama. Basi ndizi zilizoiva zikalala kitandani, zimefunikwa leso yake ya kujifunga, na mbichi zikaning'inia kwenye boriti. Sisi watatu tulilala chini mkekani, na Zuhura akazoea kuamka ameinama asigonge mikungu kwa kichwa.

Siku ya hitima ya mama, mjomba, kaka yake mama, alitaka kutugawa: Hamisi aende naye Kwale, Zuhura kwa shangazi Mikindani. Nilimsihi atuache mpaka shule zifungwe. "Nitakuja kuwaangalia," alisema. "Nikikuta hawali, au hawalali vizuri, nawachukua." Akaja asubuhi moja bila kuarifu, mkeka haujakunjwa. Tulimwamkia, akaitikia akiwa mlangoni, akatazama kitanda, kisha akatutazama sisi.

"Yaani ndizi zalala kitandani, na watoto wa dada yangu wako chini?"

Hamisi ndiye aliyesema, bado amejifunga shuka: "Sisi hatupondeki, mjomba."

Mjomba akavua viatu, akaketi nasi mkekani, kwa kuwa kitandani hapakuwa na nafasi. Nikampa ndizi. Aliimenya polepole, akiikagua pande zote, na ilikuwa safi mpaka mwisho. Akamwuliza Zuhura jana walikula nini, akaambiwa maharagwe na wali. "Haya," akasema, "kaeni pamoja." Aliondoka kabla ya adhuhuri, peke yake.

Siku hizi ndizi zangu zina rafu, na godoro la mama, lilipochakaa, nililikata vipande nikavitandika humo. Zuhura yuko chuoni. Hamisi anafanya kazi bandarini na amejinunulia godoro nene kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nikimtania kwa jibu lake la siku ile, hucheka.

"Wallahi, dada, nilikuwa nasema na ubavu unaniuma."