Namba Iliyoandikwa Juu ya Mstari

Orpa Lwaboshi alikuwa fundi cherehani tangu Uvira, Kongo. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya risasi kuingia mpaka mitaa ya mji wao, alichotafuta kwanza baada ya turubai na sufuria kilikuwa cherehani cha kuazima. Kambini watu walimwita Mama Gabriella, kwa jina la binti yake aliyebaki Kigoma kwa shangazi. Alishona sare za kwaya na mashati ya shule, miaka miwili, mpaka mgongo ukamkatalia kuinama.

Ndipo akasikia kuhusu darasa la Jumamosi la kuchora kwa kompyuta. Mwalimu alikuwa Théophile, mtu wa Bukavu, umri wake thelathini na kitu, aliyesoma ufundi wa ujenzi kabla ya kukimbia. Orpa alimfahamu tayari, maana waliimba kwaya moja. Siku za kazi Théophile alikuwa Lilongwe, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma mtaa wa Area 36, na mwisho wa wiki alirudi kambini.

Siku ya kwanza Orpa alichora mstatili wa dirisha kwa kukokota kipanya mpaka mstari ukaonekana umefika. Théophile akasimama nyuma yake.

"Mama Gabriella, hapo umepima na nini?"

"Na macho."

"Kitambaa unakatanga na macho?"

Orpa akacheka. Hapana, kitambaa hakikatwi kwa macho, futi iko shingoni mwake kila siku.

"Basi njo vile vile, hata hapa ni kupima. Anza mstari, onyesha upande wenye unaenda, kisha andika namba, bonyeza Enter."

Akaandika sitini. Kikatokea kijistari kidogo kama ukucha. Alikuwa anafikiri kwa sentimita kama fundi wa nguo, na programu ilihesabu kwa milimita. Wanafunzi wawili wa mbele walicheka, lakini Théophile hakucheka. Alimwambia aongeze sifuri moja, na mstari ukajinyoosha mpaka pale alipotaka. Orpa aliniambia kwamba siku ile alirudi nyumbani akiwa mwepesi, kama mtu aliyeambiwa mgongo wake umepona.

Jumamosi ya nne walijifunza kuweka vipimo. Unabonyeza ncha mbili za mstari, na namba inatokea yenyewe.

"Hii namba si wewe unaiandika," Théophile akasema. "Inatoka mu mstari. Ukitaka namba ingine, badilisha mstari. Kuna njia ya kuandika namba juu kwa mikono, programu haikatazi, lakini mtu wa kazi hafanyi vile. Karatasi itasema kitu kimoja, chuma itasema kingine."

Orpa akaandika maneno hayo kwenye daftari lake.

Kufika mwezi wa tano wa masomo hakuna mwanafunzi aliyemshinda kwa usahihi. Théophile alianza kumpa michoro midogo ya karakana aijaribu, na siku moja akamletea kazi kamili: vyuma vya madirisha kumi na mawili kwa jengo la shule lililokuwa likijengwa Mitundu, nje ya Lilongwe. Upana milimita elfu moja na mia mbili, kimo mia tisa.

"Bambo Kachale akiona kazi yako, atakuita karakana," alimwambia. Huyo Kachale ndiye mwenye karakana, na bambo kwa Kichewa ni bwana. "Andika jina lako pale chini, mu kisanduku. Ajue ni nani."

Orpa alichora siku tatu. Alipima kila nafasi kati ya nondo na nondo, akarudia. Pale chini akaandika: Imechorwa na Orpa Lwaboshi. Hakuwahi kuona jina lake limechapwa zaidi ya kwenye karatasi za wakimbizi. Akampa Théophile flash baada ya mazoezi ya kwaya, naye akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwita dada.

Wiki mbili baadaye Théophile alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu. Bambo Kachale anataka kumwona, aombe ruhusa ya kutoka kambini, aje kesho. Orpa akavaa kitenge kizuri. Alidhani anaitwa kazini.

Area 36 aliteremka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mbele ya karakana na kukuta vyuma kumi na viwili vimeegemezwa ukutani, vimeshapakwa rangi. Bambo Kachale, mzee mnene mwenye miwani, hakumsalimia. Alikunjua karatasi ya mchoro akagonga namba ya upana kwa kidole: 1150. Kisha akavuta tepu juu ya chuma cha karibu: 1200. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye madirisha ya Mitundu.

Orpa akaangalia karatasi mara mbili. Jina lilikuwa lake. Namba haikuwa yake. Kwa ishara akaomba kompyuta, na Théophile, bila kumtazama, akamfungulia faili. Orpa akabonyeza ile 1150. Ilikuwa imeandikwa kwa mikono. Akapima mstari wenyewe: 1200, kama alivyouchora. Na mashine ya kukata ya karakana haisomi maandishi, inafuata mstari ulio kwenye faili.

"Nani alishika hii namba?" akauliza kwa Kiswahili.

Théophile akajibu polepole, akitabasamu kidogo ili bosi asielewe kitu usoni pake. "Bambo alinipigia simu, akasema nafasi ya dirisha mu ukuta ni elfu moja mia moja hamsini. Nilikuwa mbio. Nikaandika juu tu, nikasema nitarekebisha mstari kesho yake. Nikasahau."

"Sasa mwambie."

"Mama Gabriella, nisikilize. We uko mwanafunzi, we haufukuzwi popote. Mi nikitoka hapa nitaenda wapi?"

"Mwambie, Théophile."

Akageuka kwa Bambo Kachale, akasema maneno mengi ya Kichewa. Orpa hakujua Kichewa zaidi ya cha sokoni. Lakini cha sokoni kilitosha. Alisikia "akuti pepani", anasema samahani, na akasikia jina lake mwenyewe, na akaona Bambo Kachale akiangalia ile 1200 kwenye kioo cha kompyuta na kutikisa kichwa, maana machoni pake mkosaji mwenyewe, Orpa, ndiye aliyemwonyesha kosa.

"Ayi," Orpa akasema. Hapana. Akatafuta neno lingine, halikuja. Akajigusa kifua na kutikisa kidole. "Osati ine." Si mimi.

Bambo Kachale akainua mkono, si kwa ukali, kama mtu aliyechoka. Akasema kitu kifupi na kurudi kwenye vyuma vyake. Théophile hakutafsiri.

"Kosa ningelibeba," aliniambia Orpa. "Mtu anakosea. Lakini aliniombea msamaha mbele ya macho yangu, kwa kitu yeye mwenyewe alifanya. Na njo yeye alinifundisha."

Hakurudi darasani miezi miwili. Kanisani Théophile aliendelea kuimba, na Jumapili moja akamfuata mlangoni.

"Dada, tusameheane."

"Sema kwanza kwa Bambo Kachale. Kisha uje."

Hakusema. Orpa akaacha kwaya, na watu walipomuuliza akajibu kwamba kifua kinamsumbua. Mpaka leo wengi wanaamini hivyo.

Kazi iliyomrudisha kwenye kompyuta ililetwa na Ndayisaba, Mrundi anayechomelea milango kambini. Alitaka mchoro wa lango la zahanati. Akamwandikia vipimo kwenye kipande cha karatasi, Orpa akakisukuma pembeni. Akachukua tepu, wakaenda pamoja, akapima nguzo hadi nguzo, juu, katikati na chini. Ndayisaba akamuuliza kama hamwamini.

"Sikujui bado," akamjibu.

Lango lile lilifunga vizuri. Siku hizi Orpa anafundisha akina mama sita kuchora kwa kompyuta, siku za Jumatano, na ni mwalimu mkali. Théophile bado yuko Area 36. Wakikutana njiani anamsalimia, na Orpa anaitikia, kisha anaendelea na safari yake.