Mzee Niliyemfundisha Kusema Ng'ombe

Kuna watu wakikutana nami sokoni Nkende mpaka leo wanaziba midomo kwa viganja na kunikodolea macho, eti wananisubiri niwatibu, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu aibu ile sikuletewa na mtu. Niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikairekodi.

Basi nisikilizeni. Mimi ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikipokea watoto wanaoletwa darasani kwangu kwa sababu hawasemi, wengine hawasikii, wengine wanasikia vizuri kabisa ila maneno hayatoki, na mzazi ananiuliza, "Mwalimu, atasema lini?" nami sijui. Swali hilo lilinichosha moyo. Ndipo nikaamua nitasoma shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, na niliitaka kozi ile kuliko nilivyotaka kuolewa (Mwita, mchumba wangu, samahani, lakini hilo unalijua). Chuo kikanijibu kwamba nafasi ni chache, nitume maelezo ya mtu mzima mmoja mwenye tatizo la kusema, pamoja na video ya dakika tano nikizungumza naye kwa ridhaa yake, na barua ya msimamizi wa kuthibitisha. Mwisho Ijumaa saa sita mchana.

Mtu mwenye akili zake angepanda basi kwenda Mwanza, akatafuta mtaalamu wa kazi hiyo, akakaa pembeni akatazama. Mimi nikasema Mwanza ya nini, wakati kila Jumatano najitolea kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo hapa hapa mjini, na mgonjwa ninaye tayari.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee mmoja aliyeteguliwa bega na maksai wakati wa kulima. Kadi yake ilisema Marwa, jina ambalo huku kwetu halikusaidii kitu, ukirusha jiwe sokoni litampata Marwa mmoja na kumkosakosa mwingine. Kila nikimsogelea kwenye benchi anageukia ukutani. Nikimwambia shikamoo anakohoa. Nikimwuliza bega linaendeleaje anashusha kofia mpaka puani, na siku moja nilipoingia kwa mlango wa mbele yeye akatoka kwa mlango wa nyuma, mkono ukiwa bado kwenye kamba ya mazoezi. Nikafungua daftari nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Salamu, hakuna jibu. Macho, yanakwepa. Kofia, anajificha nayo, huenda ni hofu ya kushindwa kusema." Mkono dhaifu, maneno hakuna, nikahitimisha ni kiharusi kilichopita kimyakimya bila mtu kukiona. Isipokuwa mimi.

Sasa hapa ndipo palipo kosa lenyewe, na lilikuwa dogo tu. Msimamizi wa kliniki, Sanga, mtu wa Njombe, mpole, alikuwa chumba cha pili. Ningemwuliza, "Hivi huyu mzee wa bega anaongea?" angenijibu kwa neno moja. Sikumwuliza. Nilitaka uwe ugunduzi wangu, nimwite mwishoni aone, ashangae, aandike barua huku bado anashangaa. Jumanne nikatuma maelezo chuoni, kurasa mbili, "mwanamume mkulima aliyepoteza usemi." Ikabaki video.

Jumatano ile kliniki ilijaa. Kulikuwa na vijana wa machimbo wenye migongo yao, wamama kutoka vijijini, na bibi mmoja wa goti aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Nikamkalisha mzee kwenye kiti katikati ya baraza penye mwanga mzuri, nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikamwuliza kama anakubali nimrekodi. Akatikisa kichwa namna ambayo hata leo sijui ilikuwa ndiyo au ilikuwa Mungu wangu nisaidie. Nikaandika ndiyo.

Nikatoa kadi nilizochora mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe, maana nilifikiri, mfugaji umwanzishie wapi kama si kwa ng'ombe?

"Mzee wangu, sema ng'ombe."

Akafumba macho.

"Usiogope. Ng'o-mbe. Hapa wote ni watu wa nyumbani."

Jasho likaanza kumtoka. Nikaisogeza kadi karibu na uso wake. Benchi zima likanisaidia, wachimbaji wakaanza kuimba ng'o-mbe, ng'o-mbe kama wako uwanja wa mpira, na bibi wa goti akasema, "Mpe muda, mwalimu, huyo ulimi umelala." Nikaona ni kweli, basi tuuamshe ulimi. Nikamshika kidevu (ndiyo, nilimshika, kwa vidole hivi), nikamwomba autoe nje, naye akautoa, nusu, huku ameangalia dari kama mtu anayeng'olewa jino. Nikarudia ng'ombe mara saba. Video ipo, nimehesabu.

Kwa kelele hizo Sanga akatoka. Mzee alipomwona akasimama ghafla, akanipa mgongo, akasema kwa sauti nzito isiyo na kasoro hata moja, "Daktari, naomba unisaidie."

Jamani, amesema. Nilirusha kadi juu. Benchi likapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, na kwa muda kama wa pumzi tatu hivi nilikuwa mtaalamu mkubwa kuliko wote Kanda ya Ziwa.

"Mwambie huyu binti mimi si bubu," mzee akaendelea, bado amenipa mgongo. "Mwambie mimi ndiye baba yake Mwita, wa Susuni. Tulifika kwao Kemambo mwezi uliopita kwa ajili ya posa, na mazungumzo hayajaisha. Sasa mimi na mkamwana tutaongeaje? Na ameshanishika mpaka kidevu."

Makofi yalikatika. Bibi wa goti akajifunika kanga uso mzima.

Kwa wasiotujua, huku kwetu baba mkwe na mkamwana hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawagusani, na kabla mahari haijakamilika ndiyo kabisa, neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Na siyo kwamba sikujua. Siku wageni walipofika kwetu nilipeleka trei ya soda macho yakiwa chini kama nilivyolelewa, nikaona jozi sita za viatu vya katambuga na sura hata moja sikuiona. Yaani adabu yangu ndiyo iliyonizuia nisimjue, na adabu yake ndiyo iliyomzuia asiseme. Na katikati ya adabu zote hizo, mimi bibi harusi mtarajiwa nilikuwa nimemsimamia mkwe wangu mbele ya watu, nikimdai mara saba aseme ng'ombe.

Habari ilifika Kemambo kabla yangu. Baba alikuwa amekaa nje.

"Bhoke, ulimshika kidevu?"

"Nilimshika, tata."

"Ukamtoa ulimi?"

"Aliutoa mwenyewe."

Baba akaingia ndani akafunga mlango (mama anasema alicheka mpaka akalia, lakini kwangu alitoka na uso wa msiba). Wazee wakakaa, mbuzi wetu akaenda Susuni na maneno ya kuomba radhi, na huko ndiko tulikojua kwamba yule mzee wa watu alivumilia wiki zote zile akidhani ukoo wetu umenituma kumpima kama ni mtu wa hasira, kabla hatujakubali posa. Akasema amefaulu. Wakakubaliana yaishe.

Kwangu hayakuisha. Sanga nilimwomba barua akaniuliza kwa upole ule wake, "Niandike nini, mwalimu? Kwamba mzee anaongea vizuri?" Ijumaa asubuhi nikakaa na simu, nikijua kurasa zangu mbili za uongo ziko mezani kwa watu, na nikiri tu, nilifikiria kuwaambia mgonjwa alipona. Nilishindwa. Nikaandika ukweli wote, pamoja na kidevu. Wakanipigia siku hiyo hiyo, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, hakucheka, akaniuliza swali moja tu.

"Kabla ya kuamua kwamba hasemi, ulimuuliza nani?"

Nikamwambia sikumwuliza mtu. Mwaka ule nafasi sikupata. Nililia kwa siku mbili, kilio cha kweli, nikiwaona wale wazazi wa wanafunzi wangu wakiniuliza tena mtoto atasema lini. Walichonipa ni sharti: nikae na mtaalamu Mwanza, nitazame, niweke kando daftari langu la hukumu (hilo la hukumu ni neno langu), kisha niombe upya.

Kwa hiyo kila likizo nipo Mwanza nakaa pembeni kama nilivyotakiwa kukaa tangu mwanzo, na nimeapa, mtu akinyamaza mbele yangu sitafungua kalamu mpaka niwe nimeuliza ni wa wapi, ameoa kwa nani, na kama kuna wageni wowote waliofika kwetu karibuni.

Fomu ya safari hii ina swali jipya, eleza kuhusu mtu aliyekufundisha zaidi. Sikuwa na mwingine wa kumwandika. Nikamtuma Mwita Susuni aniombee ruhusa, ruhusa ya maneno safari hii, siyo ya kutikisa kichwa. Alikaa huko siku nzima, akarudi na jibu la baba yake kama lilivyo.

"Aandike. Ila asisahau kuandika kwamba naongea."