Wageni Waliomkalisha Bi Sichana Kitini

Bi Sichana hakuwahi kumwogopa mgeni mchafu. Katika miaka ishirini na miwili aliyofanya kazi kwenye nyumba ile ya ghorofa mbili mtaani Kiponda, Unguja, alishafua mazulia yaliyotapikiwa, akasugua masufuria yaliyounguzwa na watu waliojidai kujua kupika, na hakuguna. Waliomtia hofu ni hawa wa mwisho, familia ya daktari wa meno, kwa sababu walikuwa wasafi, tena wema.

Walikuwa wanne: daktari mwenyewe, mkewe na binti zao wawili. Walitoka kwao Ulaya wakaenda bara, vijiji vya Dodoma, wakakaa wiki sita katika kazi ya misheni. Baba aling'oa meno, mama na mabinti wakawafundisha watoto kupiga mswaki. Sasa kazi imekwisha, na kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao wakajipa siku tatu Unguja. Walipokodi nyumba waliandika kwamba wanakuja kupumzika tu, hawana jingine.

Wakil, mwenye nyumba, alimsomea Bi Sichana maneno hayo kwenye simu yake, kisha akakohoa kidogo. Nyumba aliirithi kwa mama yake, na Bi Sichana akarithiwa humo humo pamoja na makabati.

"Bi Sichana, nataka nikwambie kweli," alisema. "Nyumba yenyewe ndogo hii. Nnatazama kama kuna haja ya mtu wa kila siku, au niwe nnaita watu wa usafi wageni wakishaondoka. Hawa wa daktari ndio watakaonipa jibu."

"Watakupa, mwanangu," alijibu Bi Sichana bila wasiwasi, maana alijijua. Walikuwapo wageni walioahirisha safari kwa ajili ya pilau yake. Yeye hakuwa mtu wa kujisifu. Alisifiwa na wengine, naye hakuwakatiza.

Siku ya kwanza alifika kutoka kwake Mwanakwerekwe akakuta ngazi zimelowa maji. Mke wa daktari alikuwa amepiga magoti anapiga deki. Mabinti walishatandika vitanda na vyombo vya chai vilishaoshwa.

"Shikamoo, Bi Sichana!" alisema yule mama, Kiswahili chake kimenyooka vile vile kilivyotoka darasani. "Tafadhali keti. Leo wewe ni mgeni wetu."

"Marahaba. Lakini hiyo kazi yangu, bibi."

"Umewatumikia watu maisha yako yote. Sasa ni zamu yetu kukutumikia."

Akashikwa mkono, akakalishwa kwenye kiti cha bembea cha marehemu mama yake Wakil, kiti ambacho miaka yote hiyo alikuwa akikifuta vumbi tu. Akaletewa chai isiyo na sukari, kwa faida ya meno yake. Akainywa huku mikono ikimwasha kwa kukosa shughuli.

Siku ya pili alijitia ujanja. Aliswali alfajiri, akatoka bila ya kutia kitu mdomoni, akawahi kuficha mifagio yote miwili nyuma ya pipa la maji, na mbuzi ya kukunia nazi akaisukuma chini ya kabati. Haikusaidia. Daktari alikwenda sokoni Darajani mbio mbio, akanunua ufagio mpya, akaanza kufagia tangu mlango wa njiani. Kumbe watu hawa kupumzika kwao ndiko huko. Walipoambiwa waende pwani, walikwenda wakaokota plastiki mifuko minne, wakarudi na furaha tele. Walipopelekwa Kizimbani kutazama viungo, waliwashika mikono wafanyakazi wa shamba na kuwaomba ruhusa nao wachambue karafuu, wakarudi na mfuko mzima waliouziwa.

Alasiri ile binti mdogo alimwona Bi Sichana anasinzia kitini, akamwekea mto nyuma ya kichwa. Tangu afiwe na mumewe hakuna mtu aliyemwekea mto. Usingizi ukamchukua, na ulikuwa mtamu, asiseme uongo. Alipozinduka alikuta sufuria zote zinang'aa, na roho ikamsuta mpaka anafika nyumbani.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Kila kukiwa na wageni, Wakil alikuwa na desturi ya kupita pale baada ya sala ya Ijumaa, ale, asikie sifa za nyumba yake. Bi Sichana alijua kuwa siku yenyewe ndiyo hii. Aliketi na sinia la mchele, akauchambua kwa utulivu, akainuka mara moja tu kwenda kuteka maji. Aliporudi, sinia lilikuwa mapajani mwa mke wa daktari.

"Leo tunakupikia wewe," alisema yule mama.

"Bibi, nakuomba, leo niachie mie."

"Hata siku ya mwisho hutaki kujipenda?"

Bi Sichana hakujua kwamba kujipenda ni mtu mwengine akuunguzie mchele. Angeweza kuwaambia kuwa kibarua chake ki hatarini. Lakini kwao Makunduchi alilelewa kwamba ya ndani hayaambiwi mgeni, na kumwambia mgeni kwamba wema wake unakuponza ni sawa na kumfungulia mlango aende zake. Akarudi kitini kwake. Pilau ikapikwa kwa karafuu kikombe kizima, maana walikuwa nazo nyingi. Kama yupo mtu mjini aliyekuwa anaumwa na jino siku ile, kijiko kimoja kingemtosha.

Wakil akaja na kanzu yake, akakaa mkekani pamoja nao. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasita. Akanywa maji. Familia nzima ilikuwa inamtazama, macho yanameremeta.

"Bi Sichana," alisema kwa sauti ya chini, "hii nini leo?"

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyepata kumuuliza swali hilo, na lilimuuma. Lakini aliyepika amekaa pale pale anatabasamu, na chakula cha mtu hakitiwi kasoro mbele yake.

"Mkono umeniteleza, mwanangu. Nisamehe."

Mke wa daktari akaweka kijiko chini. "Hapana, hapana! Bwana Wakil, Bi Sichana ni mnyenyekevu kupita kiasi! Pilau hii tumepika sisi." Daktari akaitikia kwa kichwa. "Na nyumba tumesafisha sisi. Siku zote tatu hajagusa hata ufagio. Jana amelala mchana mzima!"

Alilisema kwa mapenzi, na hicho ndicho kilichomkata Bi Sichana maini.

"Siku zote tatu," alirudia Wakil. Akaitazama sakafu, ilikuwa safi kuliko zamani. Akatabasamu tabasamu la kuwatabasamia wageni. "Kumbe nyumba inakwenda. Basi Bi Sichana, kesho usije. Wala wiki ijayo usije. Ntakuja kwako tuzungumze."

Familia ikatazamana, kisha ikapiga makofi. Binti mdogo akamrukia Bi Sichana shingoni. "Amempa likizo!" mama alimwambia mumewe, machozi yakimlenga, akasema kwamba katika wiki sita zote za misheni, hili ndilo atakalolikumbuka.

Bi Sichana naye chozi lilimtoka. Yule mama akamfuta kwa kiganja chake, akachekelea.

Akaingia jikoni. Akakusanya kisu chake, kikombe chake cha bati na kanga yake ya kupikia, akavitia kikapuni. Alipofika kwenye ngazi, mke wa daktari akamkimbilia, mkono ameshaunyoosha apokee kikapu. Siku tatu zile walikuwa wakinyang'anyana kila kikombe na kila kitambaa.

"Chukua, mwanangu," alisema Bi Sichana, akashuka ngazi mikono mitupu.