Nani Alikuwa Anaua Chipu za Mtoto?

Chipu ya pili nayo ilikufa, na hakuna aliyeiwasha.

Mimi ni fundi wa redio na vikorokoro vyote vyenye waya. Nimeunguza vingi, lakini kwa mkono wangu. Hivi vilikuwa vinakufa vikinisubiri.

Dada yangu alikuwa amejifungua binti wa pili. Wa kwanza, Kidoti, alilazwa kitandani mchana akiwa mzima wa afya. Hakuamka.

Ndiyo maana safari hii niliagiza vipande vya kuunganisha king'ora: mtoto akiacha kupumua, kinapiga kelele. Chipu yake, ndogo kama ukucha, ikaja kwenye mfuko wa rangi ya fedha. Nikauacha chumbani kwa mtoto.

Kesho yake naunganisha. Kimya.

Nikaagiza nyingine. Kimya.

"Hataki," dada akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

Nikacheka, lakini kicheko cha meno tu. Chumba kile kilikuwa na mambo, jamani. Hewa kavu kama majivu. Ukigusa kitasa, tah! Vinyweleo vinasimama vyenyewe, kama vimeitwa.

Ya tatu ilipokuja, nikaaga natoka. Nikarudi kimyakimya, nikachungulia.

Pazia limefungwa. Dada kajifunika blanketi la marehemu Kidoti, lile la nailoni lenye manyoya. Alipolivuta, cheche za buluu zikatembea mkononi mwake.

Moyo ukanipasuka paa!

Akafungua mfuko, akaitoa chipu, akaibana kifuani.

"Mwanangu," ananong'ona, "mwangalie mdogo wako."

Hapo ufundi ukaniamsha. Nailoni, hewa kavu: mwili unajaa umeme tuli. Wewe unasikia tah tu, chipu iliyo nje ya mfuko wake wa kinga inakufa bila hata alama.

Nikaingia. "Dada, hakuna anayekataa. Ni umeme wa hilo blanketi."

Akanitazama weee.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Nikakaa chini, nikamshika mkono. Ukanipiga shoti.

Ya nne haikutoka mfukoni mpaka kila kitu kilipokuwa tayari. Blanketi tulilihamishia chumba kingine. Nikamvalisha dada mkanda wa mkononi, waya wake nikaufunga kwenye nondo niliyoichimbia ardhini, umeme wa mwilini ushukie huko. Akaichomeka mwenyewe, akiishika kwa kingo.

Taa ya kijani ikawaka. Ikawa inawaka na kuzima kila mtoto akivuta pumzi.

Nikashusha pumzi na mimi. Nikajua habari ya mizimu imeishia hapo.

Dada akaiinamia ile taa, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Ahsante, Kidoti."

Nikakusanya vifaa vyangu, nikatoka.

Ndugu zangu, chipu isitoke kwenye mfuko wake kabla hujaushusha umeme wa mwilini. Na ukimkuta mfiwa anaongea na marehemu wake, mwondolee blanketi taratibu.

Maneno mwachie.